Pini ya Gurudumu la Tatu

Mbwawa, Ijumaa alasiri

Mwanangu Hawa,

Ile pini haikupotea. Niliificha mimi.

Niliichomoa kwa mkono wangu kwenye gurudumu la tatu la kichwa chetu kidogo cha treni, nikaifunga kwenye kipande cha kitambaa, nikaitia kwenye kopo la vifungo la bibi, chini kabisa. Ilikaa humo wiki saba. Siku zote ulizokuwa ukiitafuta, mimi nilijua ilipo. Sijamwambia bibi, sijamwambia baba yako, sijamwambia mtu yeyote. Naandika kwa sababu nikijaribu kukwambia usoni nitanyamaza, unanijua.

Sasa hivi umetoka na bibi kwenda kuaga majirani. Kesho baba yako anakuja, na mtakwenda Ruvu kupanda treni ya Tabora. Begi lako liko wazi hapa kitandani. Sitaandika habari ya mswaki, wala sweta, wala kuamkia wakubwa. Bibi amekwisha kukwambia hayo mara tatu, na atakwambia tena mlangoni. Mimi nataka kukwambia yale ambayo bibi hayajui.

Mtu mwingine akiiona barua hii atashangaa msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi kumwita mtoto wa miaka tisa mwanangu. Sokoni watu hudhani mimi ni dada yako. Lakini mama yako alikuwa dada yangu wa tumbo moja, na alipofariki wewe ulikuwa na miaka mitatu, mimi niko darasa la sita. Baba yako alikuwa kazini Tabora. Ulimkataa kila mtu pale msibani. Ulilala umeshika sikio langu, ukaendelea kulishika kila ulipolala mpaka ulipoanza shule. Mpaka leo sikio la kushoto nalionea wivu likiguswa na mtu mwingine. Kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na neno la kwanza, mama, nalichukua lote.

Unakumbuka tulivyokipata kile kichwa? Bibi alitutuma Mlandizi kununua sufuria kwa yule muuza mitumba ya vyombo. Tulipomaliza, mimi nikageuka niondoke. Wewe ukasimama palepale, mkono kiunoni.

"Na nyongeza yetu?"

"Nyongeza gani tena, binti? Sufuria nimekupunguzia mpaka basi."

"Mama mdogo hakuomba kupunguziwa. Anaona aibu. Ulimpunguzia mwenyewe. Nyongeza bado."

Watu wakacheka. Nikatamani ardhi inimeze. Yule baba akaangaza huku na huku, akaona dubwana jeusi limelala chini ya baiskeli, refu kama mkono wangu, zito kama ndoo ya maji, limeota kutu. "Chukueni hilo. Nadhani ni mashine ya Wazungu ya kukaangia bisi. Linanimalizia nafasi."

Wewe ndiye uliyelipindua ukaona magurudumu. Matatu huku, matatu kule. "Treni!" ukapiga kelele. Muuzaji akataka kubadili mawazo, lakini wewe ulikuwa umeshaniambia, "Mama mdogo, kimbia."

Nilikuwa nasubiri matokeo ya mtihani. Sikuwa na kazi wala mwenzi wa kuzungumza naye zaidi yako. Nilifikiri kitu kile kitanipitishia siku mbili tatu. Kikatupitishia miezi.

Kosa langu la kwanza unalijua, ila hujui lilivyoniuma. Nilitaka kipendeze upesi. Nilichukua msasa nikakwangua ubavu wa kibanda cha dereva, wewe umechuchumaa pembeni na daftari lako la hesabu. Ukasema, "Mama mdogo, kuna namba hapa." Nikasema, "Ni uchafu." Ukasema tena. Nikasema, "Hawa, ni uchafu, nisogezee kopo." Kisha nikakipaka ile rangi ya kijani iliyobaki wakati tunapaka geti. Kilimeta. Nilijiona fundi.

Bibi alipokiona akasema twende nacho Msimbu kwa Mzee Mihayo, mume wa marehemu binamu yake, kwa sababu enzi za ujana wake alichochea moto kwenye vichwa vya mvuke. Najua unaipenda hadithi ya safari ile, lakini acha nikuandikie ili ukiwa Tabora uwe nayo kwa maandishi.

Tulimkuta uani kwake anamenya mihogo. Bibi hakungoja hata kukaa.

"Mnyamwezi, bado uko? Si ulikuja pwani kubeba mizigo? Njia ya kurudi kwenu umeisahau?"

"Nilibaki kuwafundisha nyie Wazaramo kushika jembe. Nilikuta mnacheza ngoma kuanzia Jumatatu mpaka Jumatatu."

Wewe ulinivuta kanga. "Mama mdogo, wanagombana?" Nikakwambia ni watani, Mzaramo na Mnyamwezi hawasalimiani bila kutukanana. Ukafikiri kidogo, ukauliza, "Sasa mimi, mama Mzaramo, baba Mnyamwezi, nijitukane mwenyewe?" Mzee alikusikia. Kisu kilimdondoka kwa kicheko.

Kisha nikafunua kanga, akakiona kichwa. Kicheko kikakatika.

"Nani kakipaka rangi ya geti?"

Hukunitaja. Uliangalia juu, ukaangalia kuku.

"Namba iko wapi? Kila kichwa kina namba. Ndiyo jina lake. Mtu akitaka kukijua anaanza na namba, haanzi na rangi. Nyie mmemwosha mgeni uso mpaka pua ikatoka." Akang'oa bomba la moshi, lile ambalo tulikuwa hatujalifunga vizuri, akalitia mfukoni. "Hili nimeliteka. Mtani hatoki hapa bure. Nataka jogoo."

Njiani kurudi nilitangulia mbele. Wewe ukanifikia, ukafungua daftari lako la hesabu, ukurasa wa nyuma, ukanionyesha. 47, na mbele yake herufi nusu. Ulikuwa umeinakili wakati mimi naikwangua. Hukuniambia pale kwa mzee ili usiniaibishe.

Hawa, nimekaa darasani miaka kumi na moja nikiogopa kunyoosha mkono, na niliamini shida yangu ni kuwa sijui kusema. Siku ile nilijua kuwa hata kusikia sijui. Ulisema mara mbili. Mtu anayeona aibu huwa anasikiliza sana watu wakubwa, watu wakali, watu wenye sauti. Wewe nilikuzoea, nikakupita. Nakuomba radhi kwa hilo kabla sijakuomba radhi kwa pini.

Tuliporudi Msimbu mara ya pili, bibi alikataa kutoa jogoo wake. Wewe ukachora. Ulimpa mzee karatasi kwa mikono miwili, ukapiga goti. "Shikamoo babu. Jogoo huyu hapa. Hali mtama na hawiki alfajiri." Alikohoa kwa kucheka mpaka mkwe wake akaja mbio na maji. Karatasi ile ameibandika ukutani, na bomba la moshi tulilipata.

Siku hiyo ndiyo alipotufundisha kukitambua. Alitufanya tutoe rangi yote kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, taratibu, sehemu moja moja. Vile vyuma virefu vinavyounganisha magurudumu, anavyoviita mikono, tulivigeuza, na nyuma ya kila kimoja tukakuta 47 imegongwa kwa patasi ndogo. Ulirukaruka. Daftari lako lilikuwa limesema kweli. Mzee akatwambia mafundi hugonga namba nyuma ya vyuma ili siku vikifunguliwa visichanganyike na vya kichwa kingine.

Mimi nilikuwa na matumaini kwamba ni mfano wa vichwa alivyochochea yeye, vilivyopita hapa Ruvu kwenda bara. Alihesabu magurudumu, akapima kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Vya kwetu vilifungwa na behewa kwa ndoano moja ya katikati. Hiki mbele kina vikombe viwili vya kusukumia, kulia na kushoto. Cha Ulaya hiki. Tena tazama, hakina behewa la maji nyuma, maji yake kimeyabeba ubavuni. Magurudumu madogo, sita tu. Hiki hakisafiri. Hiki ni cha stesheni. Kazi yake kusukuma mabehewa ya wengine mpaka kwenye njia yao, halafu kinarudi."

Ukauliza, "Kwa hiyo wenzake wakienda, chenyewe kinabaki peke yake?"

"Kinabaki. Lakini bila hicho hakuna anayeondoka."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta choo. Ndiyo kwanza simu ya baba yako ilikuwa imekuja siku mbili kabla.

Sikukwambia maneno yote ya simu ile. Baba yako hakunilazimisha. Aliongea kwa upole kama kawaida yake. Alisema nyumba imekamilika, mkewe, mama yako wa kule, amekuandalia kitanda, shule iko karibu, na kwamba amekukosa miaka sita, hataki kukukosa na mwaka wa saba. "Lakini shemeji, Hawa kaniambia habari ya treni yenu. Mwache aimalize. Siku itakayozungusha magurudumu nipigie, nitakuja kumchukua. Sitaki aondoke na kazi nusu."

Mimi nikajibu, "Sawa, shemeji."

Hayo tu. Nilikuwa na maneno mengine. Nilitaka kumwambia: niachie mpaka mwisho wa mwaka. Nilitaka kumwambia: sijui nitaamka saa ngapi kama hakuna wa kumwamsha. Nikakata simu nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wiki iliyofuata kichwa kilikuwa tayari. Wewe hukujua, ulikuwa shule. Nilifunga mkono wa mwisho, nikasukuma kwa kidole, magurudumu yote sita yakazunguka kwa pamoja, laini, bila kukwama hata mahali pamoja. Ilikuwa kazi nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono yangu. Badala ya kufurahi nilihisi kama nimekufungia mizigo. Nikachomoa pini ya gurudumu la tatu.

Nilijiambia ni siku moja tu.

Uliporudi, ukaona mkono unaning'inia. Nikasema, "Sijui, labda imedondoka." Huo ndio uongo, na ulikuwa mwepesi kushinda kweli zote nilizowahi kushindwa kuzisema. Ukakumbuka kuwa jana yake wewe ndiye uliyebeba boksi la skrubu. Ukashika mdomo. "Ni mimi, mama mdogo. Nimeidondosha mimi."

Hapo ndipo ningesema. Nikasema, "Usijali."

Ulichekecha mchanga wa uani kwa chekecheo la unga la bibi, siku tatu. Bibi akakugombeza, nikasimama mlangoni nikimwangalia anakugombeza. Ulipiga msumari kwa jiwe ukajaribu kuusugua uwe pini, ukajikata kidole, nikakufunga kitambaa. Ulimwambia baba yako kwenye simu, "Baba, bado. Mimi ndiye niliyepoteza pini, nisamehe." Naye akacheka akakwambia hakuna haraka. Na mimi, Hawa, mwanangu, wakati unaomba msamaha kwa kosa langu, nilikuwa nahesabu kuwa nimepata wiki nyingine ya kukaa nawe. Nilizila wiki zile kama mtu anayekula chakula cha wizi. Nilikusuka nywele mara mbili zaidi ya kawaida. Nilikupeleka mtoni Ruvu kuona watu wakivua kambale. Ulifikiri nakufariji.

Mzee Mihayo ndiye aliyekuja mwenyewe mara ya mwisho, na miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikiweka kichwa mapajani, akatazama tundu la gurudumu la tatu kwa muda mrefu.

"Hawa, nenda kamwambie bibi yako Mnyamwezi ana kiu na hataki maji ya kisima."

Ulipoondoka akanionyesha tundu. "Pini ikidondoka yenyewe, kwanza hucheza. Hugonga tundu mpaka linapanuka na kuacha alama. Tundu hili safi. Pini hii imetolewa na mkono, tena mkono mzuri wa fundi." Akavua miwani. "Mzaramo, treni haiumwi. Mwenye treni ndiye anayeumwa. Na leo sikutanii."

Hakuniuliza tena. Uliporudi na maji akaanza kukutania kuhusu kula ugali wa Tabora mpaka mashavu yafike mabegani.

Kesho yake "nikaiona" pini kwenye kopo la vifungo. Ulinirukia shingoni. "Mama mdogo, una macho wewe! Kila mtu ametafuta, umeiona wewe!" Katika yote, sifa ile ndiyo iliyoniumiza zaidi. Ulinisamehe bila kujua, na ukajisamehe mwenyewe kosa ambalo hukulitenda.

Mzee alikwisha kutukataza kuwasha moto ndani ya kichwa. Alisema boila ambayo hujui umri wake huipi moto, unaipa upepo. Kwa hiyo tukakibeba mpaka kwa fundi pancha barabarani. Safari hii nilikwambia nyamaza, nitaongea mimi. Nikasimama pale nimeshika kichwa cha treni kama mtoto mchanga.

"Kaka, naomba utujazie upepo."

Akakizunguka. "Dada, pancha iko gurudumu gani?"

Watu wa bodaboda wakaangua kicheko, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza mbele ya watu wengi hivyo. Tukakiweka juu ya matofali mawili, magurudumu hewani. Akaunga mpira wa kompresa, akafungua kidogo. Kikakohoa, kikatema mafuta, kikatulia. Wewe ukafumba macho. Akaongeza. Mkono ukaenda mbele, ukarudi, ukaenda, na magurudumu sita yakaanza kuzunguka, tshi-tshi-tshi-tshi, wale vijana wa bodaboda wakainama wote kutazama. Namba 47 uliyoiandika tena kwa mkono wako, kwa rangi nyeupe, ilikuwa inatetemeka ubavuni.

Nililia, ukafikiri ni furaha. Nusu ilikuwa furaha. Usiku ule mimi mwenyewe nilimpigia baba yako.

Hiki ndicho ninachokijua kwa sasa, na ni kidogo. Ukitaka mtu abaki, mwambie. Mwambie hata kama sauti inatetemeka, hata kama unajua atakwenda. Mimi ningemwambia baba yako, huenda angekuja tarehe ileile. Lakini wewe usingechekecha mchanga. Hofu yangu ya maneno mawili ilikutoa damu kidoleni. Na huko uendako, mama yako wa kule akikuuliza unataka nini, usiseme sawa kama mimi. Ulikuwa unanisemea mimi kila mahali, dukani, sokoni, kwa wakubwa. Mdomo ule sasa uchukue uwe wako. Mimi nitajifunza kununua chumvi mwenyewe.

Nilikuwa nimefika hapa, nikaweka kalamu chini ili nimalize kupanga begi lako. Nimekunja soksi zako za shule, jozi kwa jozi. Jozi ya kijivu moja ilikuwa nzito.

Nimeikunjua, Hawa, na pini ya gurudumu la tatu ikaniangukia mkononi.

Asubuhi uliniuliza, "Baba akikuta kichwa kimeharibika tena, itabidi arudi akasubiri?" Nilicheka. Nikakwambia kula uji. Kwa mara nyingine ulisema na mimi sikusikia.

Nimekwenda kukitazama kichwa pale mezani. Mkono wa gurudumu la tatu umening'inia, na wewe umeufunika kwa kanga ili nisione. Umetumia bisibisi ndogo, hukukwaruza chochote. Mkono mzuri wa fundi.

Ningeweza kuirudisha pini ndani ya soksi. Nakwambia kweli, nimeirudisha. Nimeikunja soksi, nimeiweka kwenye begi, nimetoka mpaka mlangoni. Kesho ungesimama mbele ya baba yako useme kichwa hakitembei, naye kwa upole wake angetukubalia. Kisha nikakuona mawazoni ukiwa umesimama na uongo huo mdomoni, na miaka yako tisa, ukiubeba kama mimi nilivyoubeba.

Nimerudi nikaitoa. Nimeipaka grisi, nimeitia mahali pake, nimekaza. Nimesukuma kwa kidole. Yanazunguka yote sita.

Kichwa kinakwenda nawe. Najua mzee alisema hiki ni cha kubaki stesheni, lakini kazi hiyo nimeichukua mimi. Nakifunga kwenye kanga yangu ya zambarau, na barua hii naikunja naiweka ndani ya kibanda cha dereva, utaikuta Tabora. Ukifika, mwonyeshe baba yako kinavyozunguka. Usiogope kikizunguka. Na ukitaka kuniona, mwambie hivyohivyo, "Baba, nataka kwenda kwa mama mdogo." Mimi nami nitampigia nimwambie nakutaka likizo. Nimeshaanza kujizoeza maneno hayo hapa chumbani, kwa sauti.

Nasikia sauti yako getini unabishana na bibi. Nafunga.

Nina ombi moja. Habari ya kopo la vifungo iwe yako na yangu. Bibi akijua atanisema mpaka niolewe, na baba yako sitaki ajue bado, nitamweleza mwenyewe siku nikipata sauti. Mimi nami, soksi ya kijivu sikuiona. Usimwambie mtu, mwanangu. Hata yule mzee, ambaye anajua.

Mama yako mdogo,
Zaituni